Nimejilipia Nauli Niende Ng'ambo Kuanika Nguo

Mpendwa Mshauri,

Pole na kazi ya kubeba mizigo ya watu kila wiki. Naomba na mimi uninyanyulie wangu, maana ukurasa wako naujua, nausoma kila unapotoka huku nikisubiri pasi ishike moto, na nimeona ulivyowasaidia wenye waume walevi na wenye wapangaji wasumbufu, ila sijaona mtu mwenye tatizo kama langu, na ndiyo maana nimechelewa kuandika nikihofia utanicheka.

Mimi ni dobi, na nalisema hilo bila kuinamisha kichwa. Nina duka langu kwenye kona, lina kaunta, mashine za kufulia, chumba cha pasi na ua wa nyuma wenye kamba za kuanikia, na wasichana wanne ninaofanya nao kazi nimewafundisha mwenyewe kila kitu, kuanzia kupekua mifuko kabla ya kuloweka mpaka kukunja shati likakaa kama halijawahi kuvaliwa, na wateja wangu si haba, wamo manesi, wamo maharusi, imo kwaya nzima yenye majoho meupe, na yumo jaji mmoja ambaye hawezi kumhukumu mtu mpaka mimi nimempigia pasi joho lake. Najisifu, nisamehe, lakini mtu asipojisifia pasi yake atajisifia nini.

Sasa, mwaka jana wifi yangu, dada wa mume wangu, alikwenda ng'ambo na kikundi cha matembezi, na aliporudi tulijazana sebuleni ukoo mzima kutazama picha, na picha zilikuwa nzuri kweli, katika moja amenyoosha mkono inaonekana kana kwamba ameushika mnara mrefu kwa vidole viwili, nyingine yuko juu ya basi la ghorofa, nyingine amekaa kando ya bwawa la hoteli, na karibu kila picha pale nyuma yupo kiongozi wao amebeba kibendera ili wasipotee. Watu wakauliza bei ya viatu, wakauliza kama theluji inauma, na mimi nikauliza langu moja, nikasema, “Wifi, na baridi yote hiyo, watu wa kule wanaanika wapi nguo?” Akafikiri, akasema, “Kusema kweli sikuona nguo iliyoanikwa hata moja.” Nchi nzima, Mshauri! Watu wote wale wamevaa kola nyeupe, na mtu amekwenda amerudi hajaona hata kamba. Nilicheka mpaka wifi akanuna, lakini swali lenyewe halikunitoka, nikawa nikisuuza naliwaza, nikikamua naliwaza.

Nikaanza kutafuta kwenye simu, wenzangu wakitazama tamthilia mimi natazama watu wa nchi ile wakifua, na ndipo nikamwona mwanamke mmoja wa makamo, mnene kidogo kama mimi, mwenye duka la dobi katika mji mdogo ambao hata wifi hakuwahi kuusikia, akionyesha jinsi anavyoanika chini ya paa nyuma ya duka lake. Kilichonifanya nisimamishe video ni kwamba mashati aliyatundika kichwa chini, akayabana kwenye pindo, mikono ikining'inia. Watu wengi hubana mabegani, na shati likikauka linabaki na vijipembe viwili hata ulipige pasi vipi, lakini yule alibana pindo kama ninavyobana mimi, kama alivyonifundisha mama yangu tangu kamba siifikii, maana mama alikuwa akisema, “Bega la mtu halibanwi, atavaa shati aonekane ameota pembe.” Nikamwandikia kwa ile programu ya kutafsiri, nikamwambia, nasi huku tunaanika hivyo hivyo. Akanijibu siku ileile.

Basi urafiki ukaanzia hapo. Wanawake wengine wanatumiana picha za wajukuu, sisi tunatumiana madoa. Ananiuliza ninaondoaje kutu kwenye kitambaa cheupe, namuuliza anakaushaje mablanketi wakati wa baridi, na mwishowe akanialika, akasema njoo ukae na sisi, kuna chumba juu ya duka, utaona tunavyoishi, nami nikamjibu nitakuja, ila na mimi anipe nguo nifue na kuanika naye. Akanieleza yote, kwamba ghorofa ya juu anaishi bibi mmoja ambaye mkicheka sana anagonga sakafu kwa fimbo, na chini kuna chumba cha kuanikia cha wapangaji wote chenye zamu zilizobandikwa mlangoni, na anayeiba zamu ya mwenzake husalimiwa kwa nusu mdomo mwezi mzima. Mshauri, nilipoyasikia hayo nikajua ninachotaka. Sitaki kushika mnara kwa vidole. Nataka kuona watu wa kule wanagombana vipi na wanapatana vipi, wanacheka nini, wananunua wapi sabuni, na mvua ikinyesha ghafla nani anaanua nguo za nani. Nimeanza hata kujifunza lugha yao kwa njia yangu, naweza kusema doa la damu, doa la wino na doa la mafuta, ingawa bado sijui kuuliza choo kiko wapi.

Pasipoti ninayo, viza ya matembezi nimepata, tiketi nimekata kwa jasho langu. Mume wangu, ambaye ni fundi wa vioo na ni mtu mwema, mwanzoni aliniunga mkono kabisa, mpaka siku moja wenzake walipomuuliza mkeo anafuata nini ng'ambo, na yeye kinywa kikawa kizito kusema mke wangu anakwenda kufua. Akasema nimealikwa kwenye semina ya kimataifa. Wakamuuliza semina ya nini, akasema ya vitambaa. Wakamuuliza anakwenda kama nani, akasema mtaalamu. Sasa mtaani napongezwa kwa semina ambayo sijui hata inafanyika wapi, na jirani mmoja ameniomba nikifika huko nimtajie mwanawe kwa wakubwa.

Lakini hilo lingenichekesha tu kama si mama yangu.

Mama alifua nguo za watu. Hakuwa na duka wala kaunta, alikuwa na beseni na kamba iliyofungwa kutoka dirisha la jikoni mpaka ukuta wa jirani, na vibanio vya mbao alivyovitumia mpaka vikawa laini kama vimepakwa mafuta, na kwa vitu hivyo alitusomesha mimi na kaka yangu baada ya baba kufariki. Nilisoma, nikafanya kazi ofisini, nikakaa nyuma ya meza nikaona si kwangu, nikaacha kwa hiari yangu nikafungua duka, na hilo mama alilimeza kwa shida, akijiliwaza kwamba mimi ni mwenye duka tu, zinazofua ni mashine. Akija hukaa kwenye kiti cha mbele pamoja na wateja. Uani kwangu hajawahi kuingia hata mara moja.

Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kumweleza kuhusu safari, na kabla sijaipata, siku amekuja kula kwetu, wifi yangu akanitangulia.

“Mama, usimwone mwanao yuko bize hivi,” akasema anacheka, “tiketi anayo mkobani. Anakwenda ng'ambo kufua.”

Mama alikuwa na kikombe cha chai mkononi. “Kufua nini?”

“Nguo za watu, mama. Ndiyo matembezi yenyewe.”

Mama akanigeukia. “Nani anakulipa?”

Nikasema, “Hakuna anayenilipa, mama. Hata nauli nimejilipia mwenyewe.”

Mume wangu akadakia haraka, “Ni semina, mama. Semina ya kimataifa.”

Mama hakumtazama. Aliniangalia mimi, akasema taratibu kabisa, “Nimefua nguo za watu mpaka kucha zikalainika kama karatasi, ili wewe ukae darasani na mikono mikavu. Waliokwenda ng'ambo kufua walisukumwa na shida, na wakiandika nyumbani waliwadanganya mama zao kwamba wako ofisini. Wewe huna shida. Umeshiba. Unatoa hela zako uende ukakifanye mchezo kile kilichonizeesha mimi. Hebu niambie, mwanangu, nilikosea wapi?”

Akaenda jikoni, akakiosha kikombe chake mwenyewe, akaondoka, na mlango hakuubamiza, heri angeubamiza.

Tangu siku hiyo simu zangu anapokea lakini ananizungumzia mvua tu. Nguo zake, ambazo zilikuwa zinaletwa dukani kwangu kila wiki, hazileti tena, anafua mwenyewe na mgongo wake ule, na juzi nilipita nje ya ukuta wake nikaona mashati ya kaka yangu yako kambani, kichwa chini, yamebanwa pindo kama kawaida yake, nikasimama barabarani nikalia kama mtoto na watu wananipita.

Mume wangu ameleta njia mbili. Ya kwanza, niuze tiketi hii, anilipie kile kikundi cha wifi chenye kibendera, nikae hotelini kama mtu. Ya pili, niende kwa rafiki yangu kimyakimya, ila siku ya kwanza nipelekwe kwenye mnara na magauni matano, niwe nabadilisha chooni na kupigwa picha, halafu niwe namtumia mama picha moja moja ajue natembea. Mimi roho yangu inataka kwenda, na inataka kwenda kwa jina langu, lakini radhi ya mama ni radhi ya mama, nitapandaje ndege nayo nimeiacha chini? Nighairi? Nidanganye? Au niende hivyo hivyo nikiwa najua kuna mtu nyumbani ananizungumzia mvua? Nisaidie, tarehe haiko mbali.

Ni mimi,
Dobi Mwenye Tiketi

*

Dobi Mwenye Tiketi,

Ulihofia nitakucheka. Nimecheka, tena sana, hasa pale kwenye choo na magauni, na nilipomaliza kucheka nikajikuta nakuonea fahari kana kwamba mimi ndiye niliyekuzaa. Kwa hiyo vumilia, maana mtu ninayemwonea fahari humsema kuliko wengine.

Naanza na mumeo kwa kuwa lake ni fupi. Mpe gazeti alisome mwenyewe hapa. Bwana fundi, wewe kazi yako ni kuweka vioo ili watu waone upande wa pili, halafu nyumbani kwako mwenyewe unatundika pazia. Mkeo ana duka, ana wafanyakazi, ana jaji kiganjani, na umekosa la kuwaambia wenzako mpaka ukabuni semina? Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye kiti cha mama mkwe wako, ambaye hata hakugeuka kukutazama. Rudi kwa wenzako hao hao, uwaambie, “Mke wangu ni dobi, na dobi mwenzake wa ng'ambo amemwalika kwake.” Wakicheka, waulize wao ni nani amewaalika. Na yule jirani wa kumtajia mwanawe kwa wakubwa ni mzigo wako, umtue wewe mwenyewe.

Magauni matano nayakataa. Uvuke bahari ukajifungie chooni? Mnara nao usikusumbue. Umesimama pale siku zote na hauna mpango wa kuhama, siku ukitaka kuutazama utautazama kwa macho yako, kwa furaha yako, na gauni moja linatosha.

Wifi yako mwache. Mdomo wake ni mwepesi, nimeona, na habari ile haikuwa yake kuitoa. Lakini wewe ulimcheka mbele ya ukoo mzima kwa kutoona kamba ya nguo, na mtu aliyejinyima akapanda ndege akafurahi na mnara wake ana haki ya kufurahi. Kila mtu hutembea na macho yake. Tena bila picha zake wewe usingelipata hilo swali lako. Mwombe radhi, kisha mkirudi kukaa sebuleni na picha zako za mablanketi, na yeye aruhusiwe kupiga miayo.

Sasa tuje kwenye safari. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe umeliomba jembe kabla hujapanda ndege, na hilo nalisifu, maana nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Lakini sikiliza vizuri. Viza ya matembezi si kibali cha kazi. Hata kama hulipwi, hata kama ni shati moja la mteja, usisimame nyuma ya kaunta ya mtu mpaka umewauliza ubalozi wao na ukapata jibu lililonyooka, kwa sababu askari wa uhamiaji hajui habari za mapindo na mabega. Wakisema hapana, basi ni hapana. Utakaa kwenye kiti utazame, na jioni utaanika nguo zako na za mwenyeji wako kama mtu yeyote aliye nyumbani kwa rafiki. Hutapungukiwa kitu, ulikwenda kuona wanavyoishi.

Na ukitaka kuishi kama mwenyeji, kubali yote ya mwenyeji. Zamu ya chumba cha kuanikia uiheshimu kama foleni ya hospitali. Bibi wa juu akigonga fimbo, nyamazeni, kesho yake panda ukamsalimie. Usimpige mtu picha akiwa anaanika nguo zake za ndani eti umeona utamaduni. Itakuwapo siku mashine itaharibika, mvua itanyesha, rafiki yako atanuna, na hakutakuwa na lolote la kutazama. Siku hiyo usiulize njia ya kwenda mjini. Kaa naye, ushike kitambaa upanguse maji sakafuni. Na tafadhali, mwanangu, kabla hujajifunza doa lingine, jifunze kuuliza choo kiko wapi.

Nimebakisha mama, na hapa sasa nakusema kweli kweli.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikicheka, mara ya pili nikitafuta mstari mmoja, na sikuuona. Umenieleza mimi, mtu usiyenijua, kwamba ulimwona mwanamke wa mbali anatundika mashati kichwa chini. Umenieleza kwamba neno la kwanza ulilomwandikia lilikuwa ni hilo. Umenieleza nani alikufundisha. Mama yako umemweleza? Hakuna popote ulipoandika kwamba umemweleza. Aliloambiwa yeye ni kwamba mwanawe anakwenda kufua nguo za watu, kaambiwa na mtu anayecheka, na wewe ulipopata nafasi ya kusema ukamwambia habari za nauli.

Hebu vaa viatu vyake kidogo. Huyu ni mtu aliyeinamia beseni ili nyinyi msimame. Hakuna aliyemwalika mahali kwa sababu ya kufua kwake, hakuna aliyempiga video, na waliomletea nguo walizungumza naye mlangoni bila kuingia. Anavyojua yeye, kazi ile ilikuwa shimo alilowatoa ndani yake. Sasa anamwona mwanawe anatoa hela zake ili arudi shimoni kutembea. Ana haki ya kuumia, na mtu yeyote anayepanga kwenda kuonja maisha ya wengine angefaa aulizwe swali la mama yako walau mara moja. Wewe unalo jibu, tena zuri, ila umelifungia kwenye simu.

Pia umesema anakaa kwenye kiti cha mbele na wateja. Ukasema hajawahi kuingia uani. Nakuuliza, umewahi kumkaribisha? Au ulifurahi kwamba anakuona mwenye duka, ukamwacha hapo hapo kwenye kiti kama mgeni? Umepata mpango wa kuvuka bahari uone ua wa mtu mwingine, na mama yako hajaona wa kwako. Nchi iliyo karibu kabisa na wewe ni ile, hatua chache nyuma ya kaunta, na mwenyeji wake wa kwanza ni yeye.

Basi fanya hivi, na ufanye wiki hii. Nenda kwake asubuhi, siku anayofua. Usiende na zawadi wala mume wala wifi. Usianze na safari. Chukua nguo kwenye beseni uanike naye, na akikuambia uache, usiache. Kambani mkiwa mmesimama, mtolee simu, umwonyeshe ile video, uisimamishe pale pale ulipoisimamisha wewe. Usimwelezee kitu. Yeye ni fundi, ataona mwenyewe. Akishaona, mwambie, “Mama, huyu ndiye aliyenialika, na nilimwandikia kwa sababu anaanika kama wewe.”

Halafu mlete dukani. Mpitishe kaunta, mpitishe mashine, mfikishe uani mbele ya wasichana wako, uwaambie kwa sauti kwamba kila shati lililotundikwa kichwa chini hapo, na joho la jaji likiwemo, limetundikwa kwa mkono wa huyu mama. Wasichana hao wamekuwa wakimfuata miaka yote na hawajui kuwa ni yeye yule wa kwenye kiti cha mbele. Atasema unamtia aibu. Mwache aseme.

Na yule rafiki yako wa ng'ambo mwalike naye aje. Ugeni wa upande mmoja haudumu. Akija, alale kwa mama yako, siyo kwako. Hao wawili wana mengi ya kuzungumza, na programu ya kutafsiri wanayo.

Umeniuliza utapandaje ndege bila radhi. Tiketi usiiuze, uongo usiuseme, na siku ya kuondoka ikifika ondoka, hata kama mama bado anakuzungumzia mvua. Wewe ni mtu mzima na unakwenda kwa heri. Kila jioni mpigie, umweleze siku yako kama ilivyokuwa, mabaya na mazuri, na akikuuliza mvua ya huko ikoje umjibu vizuri, maana dobi akiuliza habari za mvua anauliza jambo la maana.

Lakini sidhani kama itafika huko. Mkono mtupu haulambwi, na wewe unakwenda nyumbani kwa mtu, kwa hiyo siku mtakayoanika pamoja mwombe mama vibanio vyake vya mbao, vichache tu, umpelekee mwenzake. Usimwombe kitu kingine, radhi usiitaje kabisa. Mwangalie mikono. Akianza kuvichagua, hiki kimelegea, hiki kina ufa, chukua hiki, chukua na hiki, basi mwanangu funga sanduku lako. Huyo ameshakupa radhi, na mkono wake utafika ng'ambo pamoja na wewe.